Mtafiti "amenukuliwa mara nyingi": namba hiyo inamfaa nini mkulima wa Pito?

Mtaalamu akialikwa kwenye kipindi cha kilimo, mtangazaji humtambulisha kwa sifa zake: ana machapisho kadhaa katika majarida ya kimataifa, na kazi zake zimenukuliwa mara nyingi duniani. Msikilizaji aliyeko Pito, akiwa na simu mkononi na jembe begani, anabaki na swali la haki kabisa: hizo namba zinapima nini, na zinanihusu vipi mimi?

Katika makala haya tunalijibu swali hilo kwa kumtazama mtafiti mmoja Mtanzania, Profesa Joseph Ndunguru, mwanasayansi wa bayolojia ya molekuli aliyetumia miaka mingi kuchunguza virusi vya muhogo. Tumemchagua kwa sababu muhogo unawagusa watu wa Rukwa. Hapa juu uwandani Ufipa mahindi na maharage ndiyo yanayotangulia, lakini ukishuka bonde la Rukwa au mwambao wa Ziwa Tanganyika, muhogo ni chakula cha kila siku.

Bayolojia ya molekuli ni nini?

Ni elimu inayochunguza viumbe kwa kuangalia chembe ndogo sana zinazobeba maelekezo ya uhai, yaani vinasaba. Bwana shamba anatazama jani lililojikunja na kusema, "Hii ni batobato." Mtaalamu wa molekuli analichukua jani hilohilo, anasoma vinasaba vya kirusi kilichomo, na kueleza ni kirusi gani hasa na kina undugu na kipi.

Tofauti hiyo si ya kitaalamu tu. Muhogo una magonjwa mawili makubwa ya virusi: batobato, inayoonekana kwenye majani, na michirizi kahawia, ambayo mara nyingi huwezi kuitambua kwa macho. Mmea unaweza kusimama vizuri, majani yakiwa ya kijani, na siku ya kuvuna ukakuta mizizi imeoza ndani, ina mabaka ya kahawia, hailiki wala haiuziki. Magonjwa yote mawili huenezwa na nzi weupe na kwa pingili tunazopeana. Ukipewa pingili na jirani kwa wema wake, unaweza kuwa umepanda ugonjwa bila yeye wala wewe kujua.

Alichoandika, na aliofanya nao kazi

Mwaka 2005 Ndunguru na wenzake walichapisha andiko katika jarida la Virology Journal kuhusu virusi vya batobato vya Tanzania. Walionyesha kwamba virusi hivyo ni vya namna nyingi sana hapa kwetu, kiasi cha kuiona Afrika Mashariki kama kitovu cha utofauti wao. Maana yake kwa mkulima ni kwamba aina ya muhogo inayostahimili ugonjwa mahali pengine huenda isistahimili hapa, kwa sababu adui si yuleyule.

Andiko hilo lina waandishi watano. Jina la Ndunguru ni la kwanza, na katika sayansi za namna hii jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyefanya sehemu kubwa ya kazi. Waliobaki walikuwa James Legg, mtafiti aliyebobea katika magonjwa ya muhogo barani Afrika, Terry Aveling na Graeme Thompson wa Afrika Kusini, na Claude Fauquet aliyekuwa Marekani.

Mwaka 2015, katika jarida la PLoS ONE, yeye na wenzake, wakiwemo Peter Sseruwagi na Fred Tairo aliofanya nao kazi Kituo cha Utafiti wa Kilimo Mikocheni, Dar es Salaam, walitoa ramani kamili 12 mpya za vinasaba vya virusi vya michirizi kahawia. Waliona dalili kwamba virusi hivyo vinazidi kugawanyika. Hilo ni jambo zito, kwa sababu kipimo kilichotengenezwa kwa kirusi kimoja kinaweza kumpita ndugu yake bila kumwona, na pingili zikatangazwa kuwa safi kumbe si safi.

Mwaka 2016 ikatoka kazi nyingine, safari hii pamoja na Linda Hanley-Bowdoin wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, Marekani. Walieleza vipande viwili vya DNA vinavyozidisha makali ya batobato na kuvunja ukinzani wa baadhi ya aina za muhogo zilizotegemewa. Kwa lugha ya shambani, kufuli tulilolitegemea lilikuwa limepata ufunguo.

Baadaye Ndunguru na wenzake, akiwemo Laura Boykin aliyekuwa Australia, Titus Alicai wa Uganda na Elijah Ateka wa Kenya, walipeleka kipimo shambani. Walitumia kifaa kiitwacho MinION, kinachoenea kiganjani na kuunganishwa na kompyuta ndogo. Kwa njia za kawaida za maabara, majibu yaliweza kuchukua hadi miezi 6. Katika andiko lao la mwaka 2019 walionyesha kuwa kirusi kinaweza kutambuliwa palepale shambani kwa saa chache.

Kunukuliwa kunahesabiwaje?

Mwanasayansi anapoandika, anataja kazi za wengine alizozitumia au kuzijadili. Kila andiko lako linapotajwa na mwingine, umenukuliwa mara moja. Mitambo ya intaneti, kama Google Scholar iliyoanza mwaka 2004, hujumlisha hesabu hiyo.

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kinachoitwa h. Tukieleze kwa magunia. Mkulima ana mashamba 7, na mavuno yake ni magunia 40, 12, 6, 5, 3, 2 na 1. Ana mashamba manne yaliyotoa angalau magunia manne kila moja, lakini hana mashamba matano yaliyotoa angalau matano. Basi h yake ni 4. Lile shamba la magunia 40 halimpi zaidi, na vishamba vidogo havimwongezei. Weka machapisho mahali pa mashamba na kunukuliwa mahali pa magunia, utakuwa umeelewa kipimo kinachotumika vyuoni katika kuajiri na kupandisha vyeo.

Kipimo hicho kina faida. Anayetajwa na watafiti wa nchi nyingi kwa miaka mingi hawezi kuwa amekaa bure. Lakini kuna mambo kisichoyaona.

Kwanza, hakijui kama umetajwa kwa sifa au kwa lawama. Andiko la Andrew Wakefield la mwaka 1998 katika jarida la Lancet, lililohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, lilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010. Limenukuliwa mara nyingi sana, na wengi wa waliolitaja walikuwa wakilikosoa.

Pili, kinategemea ukubwa wa kundi. Wanaoandika kuhusu saratani duniani ni wengi kuliko wanaoandika kuhusu muhogo. Ukiwapanga wote kwenye mstari mmoja, mtafiti wa chakula cha maskini ataonekana mdogo hata kama kazi yake ni kubwa.

Tatu, na hili ndilo linalotugusa, wanaohesabiwa ni wanaoandika. Mkulima aliyeokoa shamba lake kwa ushauri uliotokana na utafiti hamnukuu mtu. Anapanda tu.

Mfano wa Amani

Historia yetu inalionyesha jambo hili wazi. Mwaka 1936 H. H. Storey, akiwa kituo cha Amani milimani Usambara, alieleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa michirizi kahawia, na wanasayansi wanamtaja hadi leo. Hapohapo Amani muhogo ulichanganywa na jamaa zake wa porini ili kupata aina zinazostahimili magonjwa. Aina mojawapo ilibaki mikononi mwa wakulima muda mrefu baada ya kazi hiyo kusimama. Kusini mwa Tanzania iliitwa Namikonga, na pwani ya Kenya ikaitwa Kaleso. Miongo mingi baadaye watafiti wa vinasaba wameirudia ili kujifunza siri ya ustahimilivu wake.

Kilichoifikisha kwao ni wakulima waliokuwa wakipeana pingili kijiji kwa kijiji. Majina yao hayamo katika andiko lolote, na hakuna mtambo uliowahesabu.

Ndunguru mwenyewe baadaye aliteuliwa kuwa Mkurugenzi Mkuu wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Kazi za ofisi hiyo ni kukagua mimea mipakani, kusajili viuatilifu na kudhibiti visumbufu. Hizo hazimpi mtu nukuu nyingi. Hata hivyo kwa mkoa unaopakana na Zambia, ambako watu huvuka na mbegu na pingili, ukaguzi huo unaweza kumfaa mkulima kuliko andiko jipya.

Nini cha kuuliza?

Hatusemi machapisho hayana maana. Bila andiko la 2016, tungeendelea kuamini ukinzani ambao tayari una tundu. Tunachosema ni kwamba namba ya kunukuliwa inajibu swali la wanasayansi, na mkulima ana ya kwake.

Mtaalamu akija kijijini au akiwa studio, muulize: Utafiti huo ulichukua sampuli kutoka wapi, na Rukwa ilikuwemo? Matokeo yalirudi kwa wakulima waliotoa majani yao? Kuna mbegu, kipimo au ushauri gani uliotokana nayo, na tunaupata kwa nani?

Wakati majibu hayo yanasubiriwa, kuna la kufanya msimu huu. Usichukue pingili kwenye shamba lenye majani yaliyojikunja au yenye mabaka ya njano. Kabla ya kuomba pingili kwa jirani, mwombe ang'oe shina moja mkate mizizi pamoja. Mkiona kahawia ndani, msipande za shamba hilo. Mkikuta mizizi mieupe ni dalili njema lakini si uthibitisho, kwa hiyo mwone afisa ugani na umuulize kuhusu pingili zilizothibitishwa na TOSCI. Ukisafiri kwenda mwambao au ng'ambo ya mpaka, usirudi na pingili begani, hata kama umeambiwa zinazaa sana.