Gesi ya kuchomelea: Hatari iko kwenye sekunde za kuwasha

ANAYEPITA Gerezani jijini Dar es Salaam, au katika gereji yoyote ya pembeni mwa barabara, hakosi kumwona kijana aliyechuchumaa kando ya bodi la gari, bomba la kuchomelea likiwa mkononi, akiomba kiberiti kwa mwenzake. Mlio mkali unaofuata wapita njia wameuzoea, wala hakuna anayegeuka. Mlio huo, hata hivyo, ni ishara kwamba gesi ilikwisha kukusanyika kabla ya moto kuifikia.

Mwako wa asetilini na oksijeni hufikia joto la zaidi ya nyuzi 3,000 za Sentigredi, na watu wengi hudhani kuwa hapo ndipo penye hatari. Ukweli ni kwamba moto uliokwisha kutulia mdomoni mwa bomba humtii fundi. Kinachoua ni gesi ambayo haijawaka. Asetilini ikichanganyika na hewa huweza kulipuka hata ikiwa ni chini ya sehemu 3 katika kila 100 za mchanganyiko huo, kiasi kinachopatikana haraka katika kibanda kisicho na dirisha.

Ndiyo maana vyuo vya ufundi hutilia mkazo mpangilio wa kuwasha. Maungio hupakwa povu la sabuni ili kubaini uvujaji. Kila mpira hupitishiwa gesi yake peke yake, kwa muda mfupi, ili kuondoa mchanganyiko uliobaki ndani. Kisha koki ya asetilini hufunguliwa kidogo na kuwashwa papo hapo kwa kiwashio cha cheche, mdomo wa bomba ukielekezwa mbali na watu na mitungi. Gesi huongezwa hadi masizi meusi yatoweke, na hapo tu ndipo oksijeni inapofunguliwa taratibu. Shinikizo la asetilini halipaswi kuzidi paundi 15 kwa inchi ya mraba, kwa kuwa juu ya hapo gesi hiyo huweza kulipuka yenyewe bila hata kukutana na hewa.

Kiberiti cha njiti huvuruga mpangilio huo wote. Kijana hufungua koki, kisha huhangaika na njiti inayozimwa na upepo, huku gesi ikiendelea kutoka na vidole vyake vikiwa pale pale moto utakapotokea. Kiberiti cha gesi ni kibaya zaidi, kwani kikirudi mfukoni cheche moja ya chuma inatosha kukitoboa.

Hali huwa ngumu zaidi katika gereji zisizomudu mtungi wa asetilini. Baadhi hutengeneza gesi zenyewe kwa kutia kabaidi na maji ndani ya pipa la chuma lililoungwa mtaani. Pipa likifungwa, hewa hubaki ndani, na gesi ya kwanza kutoka huwa imechanganyika nayo. Fundi mzoefu huiachia ipotee nje kabla ya kuwasha. Mwanagenzi, ambaye hakuna aliyemweleza sababu ya kusubiri, huona kwamba kabaidi inapotea bure. Kwa kuwa shinikizo la pipa ni dogo, moto huweza kurudi nyuma kupitia mpira hadi lilipo pipa lenyewe, ambalo mara nyingi halina chochote cha kuuzuia.

Kifaa cha kuzuia moto kurudi nyuma kipo, nacho hufungwa kati ya mtungi na bomba. Lakini fundi anayelipwa kwa kazi, leo bampa na kesho silensa, hununua kwanza kile kinachomwingizia fedha siku hiyo. Kumwita mzembe ni kukwepa hesabu yake.

Kwa upande wa sheria, Tanzania haina upungufu wa maandishi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka sehemu za kazi zisajiliwe na kukaguliwa, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, ulianza kazi mwaka 2015. Tatizo ni kwamba gereji iliyo chini ya mwembe haimo katika daftari la mtu yeyote. Kijana asiye na mkataba, ambaye malipo yake ni chakula cha mchana na ujuzi anaouokota kwa macho, atapata shida kuthibitisha kwamba aliungua akiwa kazini.

Mkaguzi hawezi kufika kila uchochoro. Muuzaji wa gesi, kwa upande wake, hana haja ya kwenda huko, kwa sababu kila mwenye mtungi humrudia. Kama serikali ingemlazimu asijaze mtungi wa mteja asiye na kifaa cha kuzuia moto, na kama bei ya kifaa hicho ingelipwa kidogo kidogo pamoja na gesi, jambo hilo lingefika mahali ambapo faini hazijafika. Wenye mapipa ya kabaidi wangebaki nje ya mpango huo. Kwao, njia iliyo karibu zaidi ni utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mitaani, ikiwa mtahini ataanza kwa kumtazama fundi akiwasha, kabla ya kukagua ubora wa mshono wake.