Majilio Yana Kazi Yake

Aliyeandika kwamba Majilio ni mazoezi tu ya Noeli, na kwamba kwaya zianze kuimba kuzaliwa kwa Bwana tangu Desemba mosi, amesoma matangazo ya maduka, hakusoma kalenda ya Kanisa. Dominika ya kwanza ya Majilio, Injili humzungumzia Kristo atakayerudi. Kuzaliwa kwake kunashika nafasi ya mbele kuanzia Desemba 17. Ndiyo maana padre huvaa zambarau, na wimbo wa Utukufu hauimbwi Dominika hizo. Unanyamaziwa ili kwenye Misa ya usiku wa Noeli, kengele zikilia, watu wajue walichokikosa.

Kichekesho ni kwamba hao hao wanaoiharakisha Noeli ndio wanaoizika mapema. Tarehe 26 mti umeshatupwa nyuma ya jiko, ilhali altareni padre huvaa nyekundu ya Stefano shahidi, na tarehe 28 huivaa tena kwa ajili ya watoto waliouawa na Herode. Pilau na soda havitoshi kuyaeleza hayo. Kipindi cha Noeli huendelea hadi Ubatizo wa Bwana, Januari. Mwenye hamu ya nyimbo za Noeli aziimbe siku hizo, hakuna atakayemkataza.