Nilifuta video yangu kubwa nikiwa Webuye

Wale mmekuwa mkiniuliza kwa komenti ile video ya "harufu ya pesa" ilienda wapi: niliifuta mwenyewe. Haikuripotiwa, na akaunti haikudukuliwa. Ndiyo ilikuwa imetazamwa kuliko zote, na bado niliifuta, nikiwa nimekaa kwa kiti cha plastiki pale Webuye, mwenye stori akiniangalia.

Kwa wenye hawakuiona: Aprili nilienda kwa kukhu wa rafiki yangu, yaani nyanya yake, kwao chini ya kilima cha Chetambe. Nikamuuliza Webuye ilikuwaje wakati kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilikuwa kinafanya kazi. Kama mzazi wako amewahi kupita hapo na basi enzi hizo, muulize juu ya ule uvundo. Kukhu akacheka, akasema, "Nyinyi mlisema inanuka. Sisi tulisema hiyo ni harufu ya pesa." Nikakata hapo. Sekunde arobaini, muziki chini, na sauti ya watu wakicheka. Ikaenda mbali sana. Kuna jamaa wa Mombasa aliitumia kuuza samaki.

Sasa Agosti nikaamua kurudi huko kutafuta zingine kama hiyo. Shida yangu yote iko kwa hayo maneno mawili, "kama hiyo".

Nililala kwa binamu yangu Kitale. Asubuhi, sikuwa na haraka, nikaingia makumbusho. Kitale ina makumbusho tangu 1974, na yalianza na mali ya mzungu mmoja mwanajeshi, Hugh Stoneham, ambaye alikusanya wadudu, wanyama na vitabu kwa miaka mingi akiishi huko Trans Nzoia. Mimi na wazungu wa kukusanya vitu hatupatani sana. Lakini wadudu wa makumbusho wana tabia moja: kila mmoja ana kikaratasi chake. Alipatikana wapi, lini, na nani. Kipepeo aliyekufa zamani ana anwani. Nikajiuliza video ya kukhu ina nini. Haikuwa na jina lake, haikuwa na mwaka, hata Chetambe haikutajwa. Niliandika tu "shosho wa Webuye 😂". Na hata si shosho, huyo ni kukhu.

Matatu ya Webuye ilikaa stendi mpaka ikajaa, si mnajua. Kiminini, Kamukuywa, mahindi pande zote yako juu kuliko mtu, na dirishani wamama wanakuuzia ya kuchoma. Mwaka huu unagawanyika kwa mbili, kwa hivyo ni msimu wa tohara kwa Babukusu, na barabarani tulipita kijana anakimbia na kikundi chake akipiga chinyimba, zile kengele za mkononi. Watu wote kwa gari walitoa simu. Mimi pia.

Mzee aliyekaa kando yangu hakutoa. Tulikuwa tumesalimiana "mulembe" tangu Kitale, na baada ya hapo alikuwa ananiambia juu ya Elijah Masinde. Kwa mtandao Masinde ni unabii na laana tu, kila wiki kuna klipu. Huyu mzee alitaka kuongea mpira. Kwamba kabla ya Dini ya Msambwa, kabla ya wakoloni kumfunga, Masinde alikuwa mchezaji, na alichezea Kenya dhidi ya Uganda. Babake alikuwa anamsimulia hivyo, kama vile wewe unavyosimulia juu ya Mariga. Akashuka Misikhu bado anaonyesha kwa mguu vile mpira ulipigwa. Hiyo sina rekodi yake.

Kufika kwa kukhu, nimebeba sukari na majani ya chai (usiwahi enda kwa mtu mikono mitupu ati juu wewe ni krieta), akanikaribisha vizuri, akanipa chai. Halafu akauliza, bila hasira yoyote, "Mwanangu, viatu vya mzee uliviweka wapi?"

Mjukuu wake alikuwa amemwonyesha ile klipu. Aliitazama mpaka mwisho akingoja sehemu ya viatu, na haikuja.

Nilikuwa nimeisahau. Kwa rekodi kamili, dakika 22, baada ya kucheka ananyamaza kitambo, nilikokata. Halafu anasema bwanake alikuwa wa rika la Maina, alifanya kazi hapo kiwandani maisha yake yote, na kiwanda kilipofungwa 2009, mzee aliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri. Anavaa buti za kazi, anafunga kamba, anakaa mlangoni mpaka kupambazuke, anazivua. Alifanya hivyo mpaka alipofariki. "Harufu ya pesa" ilikuwa mwanzo wa hiyo stori. Mimi niliwapa watu wacheke na mjane.

Najua mtaniambia nini, juu mimi ndio nilikuwa nasema hivyo: watu hawawezi kaa dakika 22. Mbona mnatazama mpira dakika 90? Hapo Bungoma, mzee mkubwa akifariki, siku chache baada ya mazishi anakuja mzee wa kuswala kumuse, na watu wanasimama kwa jua kumsikiliza akieleza koo, vita na mahali watu walitoka. Hakuna mtu anamkata. Na vita wanavyo kweli: hapo juu Chetambe, 1895, Babukusu walizuia Waingereza wakiwa nyuma ya ukuta wa udongo.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, mkasirike mkitaka. Kama huna muda wa kungoja mtu amalize, usiwashe kamera. Ukikata, mwonyeshe mwenyewe kwanza, kabla sisi wengine hatujaiona. Na andika jina lake kama anataka, na mahali, na mwaka. Pesa ikiingia, anajua ni yake pia. Mimi nilipata kidogo kwa ile klipu na nimemtumia, ingawa alisema afadhali ningemletea mbolea.

Tulikaa mpaka jioni. Nilimchezea rekodi yote kwa simu, na alipofika kwa viatu akanishika mkono nisipunguze sauti. Hajasema kama niiweke mtandaoni. Alisema ataongea na watoto wake Desemba, wakija nyumbani. Flash iko kwa mjukuu.