Kodi ya gari iliyokataliwa bungeni yahamia kwenye pampu

Serikali zetu za Afrika Mashariki zinapokaribia kusoma bajeti, macho yao hayakosi kutua kwenye magari. Gari halifichiki. Lina namba, lina kadi ya usajili, na mwenye nalo hudhaniwa kuwa ana uwezo hata kama gari lenyewe husukumwa kila asubuhi ndipo liwake. Uganda, Kenya na Tanzania zote zilikwisha kufuta ada ya mwaka ya barabara. Mbili kati yao, yaani Uganda na Kenya, zikajaribu kuirudisha na zikashindwa.

Wengi walishangilia kushindwa huko. Mimi ninataka kupiga hesabu kwanza, na nitaipiga kwa kumtazama mtu mmoja tu: mwenye gari dogo la zamani, tuseme Toyota Starlet ya miaka ya 1990 au Vitz za mwanzo, ambalo hapa Kampala ndilo gari la mwalimu, la muuguzi na la mfanyabiashara mdogo.

Tuanzie hapa nyumbani. Ada ya mwaka ilifutwa katika bajeti ya 2007/08, na badala yake kodi ya mafuta ikapandishwa. Mwaka 2021 Wizara ya Fedha ikapeleka muswada wa kuirudisha: Sh200,000 kwa kila gari na Sh50,000 kwa kila pikipiki, kila mwaka. Msomaji aliangalie vizuri hilo neno "kila gari". Starlet yenye umri wa miaka 25 ilipangiwa kulipa sawasawa na Land Cruiser iliyoshuka melini mwezi uliopita. Waliouandika hawakuuliza gari lina ukubwa gani, lina thamani gani wala linatembea kiasi gani. Kodi ya namna hiyo ni rahisi kuikusanya, na nadhani huo ndio ulikuwa uzuri wake pekee.

Wabunge waliikataa, wengi wakisema wanawatetea watu wa bodaboda. Lakini fedha zilizokuwa zimekwisha kuhesabiwa kwenye bajeti zilibidi zipatikane, kwa hiyo Bunge hilo hilo likaongeza Sh100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli.

Tuchukue kwamba Starlet yetu inakwenda kilometa 10,000 kwa mwaka na inakula lita moja kwa kilometa 15. Hizo ni lita zipatazo 667, na nyongeza ni Sh66,700. Mwenye gari dogo, basi, alipona: badala ya laki mbili analipa chini ya elfu sabini. Ili afikishe laki mbili ingembidi aendeshe kilometa 30,000.

Bodaboda je? Kijana anayechoma lita tatu kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ananunua lita 900. Nyongeza kwake ni Sh90,000. Yaani yule aliyetetewa asilipe elfu hamsini analipa elfu tisini, tena bila risiti na bila kujua analipa. Teksi ya abiria 14 inayokunywa lita 20 kwa siku inatozwa Sh600,000 kwa mwaka, na sidhani kuna abiria anayeamini kwamba fedha hizo zinatoka mfukoni mwa mwenye teksi.

Wakenya walijaribu njia iliyoonekana kuwa ya haki zaidi. Muswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kila mwenye gari alipe asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake anapokata bima, na kampuni ya bima ndiyo iwe mtoza ushuru. Gari la bei ndogo lilipe kidogo, gari la bei kubwa lilipe kikubwa. Lakini wakaweka kiwango cha chini cha Sh5,000 za huko na kiwango cha juu cha Sh100,000, na hapo ndipo haki ilipopinda.

Gari la Sh200,000 lingelipa Sh5,000, ambazo ni asilimia 2.5 kamili. Gari kuukuu la Sh100,000 lingelipa hizo hizo 5,000, yaani asilimia tano. Gari la Sh milioni nne lingefika kwenye dari la Sh100,000, na kuanzia hapo kodi haipandi tena. Bwana mkubwa mwenye gari la Sh milioni 20 angelipa laki moja, ambayo ni nusu ya asilimia moja. Kwa kipimo cha thamani, mwenye gari bovu angetozwa mara kumi zaidi ya bwana mkubwa. Magari ya serikali yenyewe yalisamehewa.

Tozo hiyo iliondolewa Juni 18, 2024 na kamati ya fedha ya Bunge. Wiki moja baadaye waandamanaji waliingia bungeni Nairobi, na Juni 26 Rais William Ruto akautupa muswada wote. Damu ilikuwa imekwisha kumwagika. Hata hivyo mwezi uliofuata, Julai, tozo ya matengenezo ya barabara ilipanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Hizo Sh7 ukizizidisha kwa lita 667 za gari letu dogo unapata Sh4,669. Upungufu ni Sh331 tu kufikia zile 5,000 walizozikataa barabarani! Mwenye gari kubwa linalokunywa lita 2,500 kwa mwaka ameongezewa Sh17,500 badala ya laki moja. Kwa hesabu hiyo mshindi wa Juni 2024, upande wa magari, anajulikana.

Tanzania wao walitoza kwa ukubwa wa injini, na mwaka 2017 Waziri Philip Mpango akaifuta leseni ya mwaka. Gari la cc 501 hadi 1,500 lilikuwa likilipa Sh150,000. Badala yake ziliongezwa Sh40 kwa lita, hata kwenye mafuta ya taa, kwa hiyo bibi wa kijijini mwenye kibatari naye akachangia leseni za magari ya mjini. Kwa mwenye Vitz ilikuwa neema: laki moja na nusu ikawa chini ya elfu ishirini na saba. Lakini mwaka 2021 zikaongezwa Sh100 nyingine kwa lita kwenye petroli na dizeli, na 2023 zikaongezwa Sh100 tena. Jumla ni Sh240. Zidisha kwa lita zetu 667 unapata Sh160,080. Kwa miaka sita leseni ilirudi kimyakimya ikiwa na chenji juu yake, na hakuna waziri aliyesimama kutangaza kwamba imerudi.

Sisemi kodi ya mafuta ni mbaya. Anayetembea sana ndiye anayeichakaza barabara zaidi, na gari lililokaa uani halilipi kitu. Kasoro yake ni kwamba haina risiti, na kisicho na risiti hakidaiwi barabara.

Hapa Uganda tuliunda Mfuko wa Barabara kwa sheria ya 2008, na kusudio lilikuwa fedha za mafuta ziende moja kwa moja kwenye matengenezo. Haikuwa hivyo, ziliendelea kuingia katika kapu la Hazina, na Mfuko ukasubiri mgawo kama idara nyingine yoyote. Mwaka 2024 Bunge likaamua Mfuko wenyewe urudishwe ndani ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Kati ya miaka hiyo, Aprili 2023, wakazi wa Kampala walifanya maonyesho ya mashimo ya barabarani kwa picha mitandaoni, hadi Rais Museveni akaagiza Sh bilioni sita zitolewe kuyaziba.

Land Cruiser huyapita mashimo hayo kama hayapo. Starlet huacha shokapu humo, na mwenye nayo huelekea Kisekka kutafuta iliyotumika, akiwa amekwisha kulipia barabara hiyo lita 667 kwa mwaka.