Dawa ya Pamba Isiguse Mboga



Siku moja mama mmoja alileta watoto wake wawili katika zahanati yetu. Walikuwa wakitapika. Walitokwa jasho na mate mengi. Mboni za macho yao zilikuwa ndogo kama tundu la sindano.

Niliuliza, "Mama, wamekula nini?"

Akajibu, "Ugali na majani ya kunde, daktari."

Kunde hizo zilipulizwa dawa ya pamba jana yake, ili kuua vidukari. Tuliwakimbiza watoto hospitali, wakapona. Lakini mimi, kijana mdogo, nilimgombeza yule mama. Sasa najuta. Hakuna aliyemwonyesha njia nyingine.

Njia ipo. Tazama bustani yako asubuhi. Utaona mdudu wa mviringo, mdogo kama nusu ya punje ya njegere. Ni mwekundu au rangi ya chungwa, ana madoa meusi, na anang'aa. Huyo ni rafiki. Kila siku hula vidukari kwa makumi.

Mtoto wake hafanani naye. Ni mweusi, mrefu, ana madoa ya njano, mfano wa mamba mdogo sana. Naye hula vidukari. Watu wengi humwua wakidhani ni adui.

Dawa ya pamba huua vidukari na huyo rafiki pia. Vidukari huzaa upesi sana. Hurudi wengi, na mlinzi hayupo. Basi unapuliza tena, na sumu inazidi katika chungu chako.

Wenzetu wa California, Marekani, waliokoa michungwa yao kwa wadudu wa jamii hii, walioletwa kutoka Australia mwaka 1888.

Lakini angalia. Wako wachache wa jamii hii wanaokula majani, hasa ya maboga. Hao hawang'ai, wana vinyweleo. Waokote kwa mkono.

Kwa maoni yangu, dawa ya pamba ibaki shambani kwa pamba. Ukiona vidukari wachache, mwachie rafiki kazi yake. Wakizidi, waponde kwa vidole, au kata ncha zilizojaa uzifukie. Waonyeshe watoto wako mdudu huyu, ili wasimwue.

Tunapanda mboga ili watoto wapate afya. Tusiwalishe sumu.