Kitambulisho cha Taifa na amana ya jina

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Ambaye katika Suratul Baqara, aya ya 282, Ametuamrisha kuandika deni la muda na kuliwekea mashahidi. Ikiwa mali imepewa uzito huo, basi jina na nasaba ya mtu vinastahiki zaidi.

Mei 2019 laini za simu zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole, na kuanzia Januari 20, 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Hapo kila nyumba ilitambua kwamba namba ya NIDA si haja ya wasafiri peke yao. Mkulima wa Masasi au Newala, ambaye fedha za korosho zake hupitia benki, anaihitaji kama anavyohitaji ghala.

Nyaraka zinazotakiwa zinafahamika: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kadi ya mpiga kura, barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Uzito upo katika kulingana kwake. Mtoto aliyezaliwa Hospitali ya Mkomaindo hutoka na tangazo la kizazi. Aliyezaliwa nyumbani hana karatasi yoyote. Madrasa humwita Khadija, shule humwandika Hadija, na kadi ya kura ikasoma Adija. Mwenyewe ni mmoja, lakini mbele ya afisa wamesimama watu watatu.

Lipo pia la ubini. Miongoni mwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao ukoo wao huhesabiwa kwa upande wa mama, mjomba ni mlezi, na mara nyingine mtoto huandikishwa shule kwa jina lake. Malezi hayo ni wema mkubwa. Hata hivyo Suratul Ahzab, aya ya 5, imetuelekeza kuwaita wanaolelewa kwa majina ya baba zao. Tungelishika agizo hilo siku ya kuandikisha, tungejiepusha na usumbufu wa hati za viapo ukubwani.

Aidha, tunaishi jirani na Mto Ruvuma, na ndugu zetu wako ng'ambo zote mbili. Ni haki ya Serikali kuhoji uraia. Lakini bibi kizee aliyezaliwa shambani asidaiwe karatasi ambayo hakuna aliyempa. Wasikilizwe wazee wanaomjua. Nao wazee wamche Mwenyezi Mungu: kuficha ushahidi ni dhambi, na kushuhudia uongo ni katika madhambi makubwa.

Tangu 2017 mkoa wetu wa Mtwara umo katika mpango wa RITA wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo, katika vituo vya afya na ofisi za kata. Basi akika ya mtoto isipite kabla baba na mama hawajakubaliana herufi za jina lake, na herufi hizo hizo ziende kliniki, madrasa na shule.

Mwenyezi Mungu Atuwafikishe kuitunza amana hii. Amin.