Saa 72 za PEP zifundishwe shuleni



Inasikitisha kuona vijana wanamaliza kidato cha nne wakiweza kuchora moyo na mishipa yake, lakini hawajui la kufanya kondomu ikipasuka.

Huku Mbagala, dereva mmoja wa bodaboda alipatwa na hilo. Wenzake kijiweni walimshauri anywe maji ya limau, asubiri miezi mitatu ndipo apime. Alipofika kituo cha afya wiki iliyofuata, muda ulikuwa umepita. Dawa za PEP, za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya mtu kuwa hatarini, huanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa kila siku kwa siku 28. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na bado elimu haitoshi. Tangu 2019, sheria inamruhusu kijana wa kuanzia miaka 15 kupima VVU bila idhini ya mzazi. Vijana wengi hawana habari.

Wizara za Elimu na Afya zipeleke wauguzi madarasani na vijiweni, waeleze PEP na kondomu waziwazi. Wazazi na walimu mnaosoma barua hii, nanyi mnasemaje?

Msomaji,
Mbagala, Dar es Salaam